Niliangalia kulia kabisa na bado sikumuona

Naandika hii kwa wenzangu wote mnaoendesha hapa Moshi, na vijana wetu wa boda pia, maana mwaka jana nilibakiza kidogo sana nimuue mtoto wa mtu na hadi leo nikipita pale moyo unanienda mbio.

Ilikua asubuhi, natoka njia ya vumbi huku Kibosho naingia lami nishuke mjini. Nikasimama, nikaangalia kulia, kushoto, kulia tena, nikaona barabara nyeupe, nikaachia breki. Ghafla honi, alafu kishindo. Kijana wa boda alinikwepa akaenda kudondokea mtaroni, mikungu ya ndizi imetapakaa barabarani, goti limechubuka, anatetemeka mwili mzima. Akaniuliza, "Mama, si umenitazama kabisa?" Na ni kweli, uso niligeuzia kwake. Nikamwambia nisamehe mwanangu, sikukuona, na hiyo nayo ilikua kweli tupu.

Nikaenda kupima macho, nikaambiwa yako salama. Ndo nikaanza kusoma kwa bidii mambo ya macho na akili, na nilichokikuta kimebadilisha kabisa ninavyoendesha.

Nyoosha mkono mbele utazame ukucha wa dole gumba. Eneo ambalo jicho linaona kwa usafi kabisa halizidi sana ukubwa wa huo ukucha, kwingine kote ni ukungu, sema hatujui kwasababu macho yanarukaruka kama mara tatu kwa sekunde na akili inashona vipande inatupa picha moja nzima. Na kila macho yanaporuka akili inazima kuona kwa muda mfupi sana. Jaribu leo: simama mbele ya kioo, angalia jicho lako la kushoto alafu la kulia, rudia mara kadhaa. Hutoyaona macho yako yakitembea hata mara moja, ila mtu aliyesimama pembeni anayaona wazi. Mimi nilifanya na dada'ngu tukabaki tunatazamana.

Sasa fikiria pale kwenye kona unavyozungusha shingo harakaharaka. Umeona sehemu mbili tatu tu, katikati akili imejazia yenyewe kwa kile inachotegemea kukuta, na mimi kwenye ile kona asubuhi nyingi nimezoea kukuta barabara tupu.

Alafu kuna zile ndizi. Mwanasaikolojia Max Wertheimer aliandika kule Ujerumani mwaka 1923 jinsi akili inavyokusanya vinavyofanana na vilivyo karibukaribu ikavihesabu kitu kimoja. Yule kijana alikua amepakia mikungu mbele na nyuma, majani yananing'inia, na nyuma yake barabara yote ni migomba. Kwa akili yangu alikua mgomba. Tena chombo kingekuwa kinapita kukatiza mbele yangu ningekishtukia, ila chombo kinachokuja kukugonga mara nyingi kinabaki palepale kwenye macho yako, kinakua tu taratibu, na kikikaa nyuma ya ile nguzo ya pembeni ya kioo cha mbele kinaweza kujificha mpaka kikufikie.

Kwahiyo naomba sana, ukifika kona usipepese, SIMAMISHA macho. Tazama mbali kulia, tulia, tazama katikati, tulia, karibu, tulia, ndo uende kushoto, alafu urudie, na usogeze kichwa mbele na nyuma ili nguzo isikufiche mtu. Pia jiulize "pikipiki iko wapi?" badala ya "kuna gari?", maana tunaona kile tunachokitafuta. Mwaka 1999 huko Marekani wanasaikolojia Daniel Simons na Christopher Chabris waliwaonyesha watu video wakawaambia wahesabu pasi za mpira, katikati akapita mtu amevaa kama sokwe, na karibu nusu yao hawakumuona. Ukiiona pikipiki iko mbali, usikimbilie kuingia mbele yake, kitu kidogo akili inakidhani bado kina muda wa kufika kuliko lori.

Na nyie wanangu wa boda, mtu akigeuza uso kwako usichukulie kwamba amekuona. Angalia tairi lake la mbele, hilo likianza kuzunguka punguza mwendo. Washa taa hata mchana. Kizibao cha kung'aa ni kizuri sana ila ukipakia mzigo mbele kinafunikwa chote, abiria tu ndo anakiona.

Yule kijana tunasalimiana mpaka leo. Siku hizi kila akipakia ndizi anafunga kitambaa cha rangi ya chungwa kwenye mkungu wa mbele, na mimi naanza kukiona kile kitambaa kabla sijaona pikipiki wala yeye mwenyewe.