Kwa mwalimu mpya wa nasari: panga maji kabla ya rangi

Ukipewa darasa la bebi muhula wa kwanza, na ratiba ikakuandikia sanaa, swali la kwanza kichwani litakuwa "wachore nini?" Liache kwanza. Watoto wa miaka 3 na 4 watachora chochote ilimradi wameshika kitu kinachoacha alama. Kinachovuruga somo la kwanza ni maji, nguo, mahali pa kukaa na zile dakika tano za mwisho. Kwa hiyo mpango wa somo uanze kuuandika kutoka chini: nani ananawa wapi, kwa maji yapi, na kazi zilizolowa zitaanikwa wapi. Hapo ndipo upande juu kwenye rangi.

Shule nyingi huku Busia maji yanakuja kwa jerikani. Weka mabeseni mawili, moja la kutoa rangi na lingine la sabuni. Watoto 40 wakinawa beseni moja, wa kumi anatoka na mikono michafu kuliko alivyoingia. Wagawe makundi ya watoto 8 hivi: kundi moja lina rangi, wengine wako nje na msaidizi wakiimba. Huna msaidizi? Basi siku hiyo sahau rangi kabisa. Wape vijiti wachore kwenye udongo wa uwanjani, au chaki kwenye saruji ya baraza. Hiyo ni sanaa kamili, na mkuu wa shule akikuuliza mwambie hivyo bila kuona haya.

Kuhusu rangi yenyewe, kumbuka kwamba itaingia mdomoni. Ya ukuta usiiguse hata ukipewa bure, maana baadhi yake ina madini ya risasi. Zile za unga za kutia mikeka na vikapu nazo waachie wasusi. Pika uji wa unga wa muhogo: koroga unga kwa maji baridi hadi mabonge yaishe, mimina kwenye maji yanayochemka huku unakoroga, na ukishakuwa mzito na kung'aa, epua. Ukipoa, gawa vikoponi utie rangi ya chakula na chumvi kidogo. Bizari ya manjano nayo inafaa, na mkaa uliosagwa laini unatoa nyeusi nzuri sana. Usipike wa wiki nzima, kwa joto letu unachacha upesi.

Siku ya kwanza toa rangi mbili tu, manjano na buluu. Usiseme lolote juu ya kijani. Mtoto atachovya kidole huku, atachovya kule, atasugua, kisha atasimama akikiangalia kidole chake. Atamwita mwenzake kabla hajakuita wewe, na meza nzima itaanza kutafuta kijani. Ukiwatangulizia jibu, umewanyang'anya somo lenyewe. Ukitoa rangi sita kwa pamoja, baada ya dakika kumi kila karatasi ina tope moja la kahawia.

Karatasi iwe kubwa. Umri huo mkono unatembea kuanzia begani, na penseli wanaikamata kwa ngumi, ndiyo maana kreyoni nyembamba zinakatika. Kalenda za mwaka jana zigeuze upande mweupe, maboksi ya sabuni yapasue. Yupo atakayesugua mahali pamoja mpaka karatasi itoboke. Mwache, anaijua karatasi kwa namna yake. Kwa nguo, omba wazazi mashati ya zamani ya baba, mtoto avae vifungo vikiwa mgongoni. Ombi hilo lifike mapema, la sivyo utakutana na mama getini ameshika yunifomu yenye madoa.

Sasa suala la bendera. Walimu wengi wapya huchora bendera ya Uganda ubaoni na kuwaambia watoto wanakili, kwa sababu rangi ni tatu tu na mkaguzi akipita inapendeza. Lakini ina mistari sita, duara jeupe na korongo mwenye taji katikati. Mtoto anayechora mtu kama duara lenye miguu inayotoka kidevuni hawezi kumchora korongo. Atakuletea karatasi na kusema "Madamu, nichoree," na ukimchorea mara moja, kila Jumatano utakuwa unachora wewe. Hata maua ya kujaza rangi ndani ya mistari mimi siyapendi kwa darasa la bebi. Yaje baadaye, kama lazima.

Udongo wa mfinyanzi uache uwe somo la pili. Uchambue mawe na mizizi, uufunike kwa kitambaa kibichi usiku kucha, na asubuhi ukiukanda uwe kama donge la chapati: haunati mkononi, haupasuki ukiukunja. Maji yaliyonawiwa udongo mwaga kwenye migomba, usiyapeleke kwenye mfereji wa shule.

Wakimaliza, usiulize "hii ni nini?" Wengi hawakuwa wakichora kitu. Sema "niambie," kisha andika nyuma ya karatasi alichokisema, kwa lugha aliyokisemea, iwe Kisamia, Kiteso au Kiswahili, pamoja na jina na tarehe. Karatasi moja ya kila mtoto kwa kila muhula iweke faili, nyingine aende nayo nyumbani zikishakauka. Siku ya wazazi wafungulie faili hilo kwanza, kabla hawajaanza kuuliza kuhusu herufi.