Jibu: Kifuko kinapokatika, kwa nini seli haivuji?

Mwalimu mwenzangu wa Kasulu, nimekuelewa: kidato cha sita wamekubana na swali hilo la kifuko (kijimfuko cha utando wa seli kinachobeba vitu), na kitabu kinasema tu "kifuko hujitenga".

Anza na utando wa seli. Ni tabaka mbili za mafuta, unene wa nanomita 5 hivi, na mikia ya mafuta hayo hukimbia maji. Kingo zikibanwa zikakaribiana sana huungana. Kwa hiyo kukata hapa ni kubana mpaka pande mbili ziungane. Waonyeshe kwa povu la sabuni: likibanwa katikati hugawanyika mawili bila kupasuka. (Mawese yetu ya Kigoma usijaribu, yatakuchafulia meza bure.)

Halafu protini. Klathrini husuka kikapu kinachosaidia utando ubonyee ndani. Dainamini hujizungusha kwa nje kwenye shingo ya kifuko, hutumia nishati ya GTP (molekuli inayobeba nishati, kama ATP), hubana, shingo inakatika. Hapo kaa sana, chora ubaoni hatua kwa hatua. Kundi la protini liitwalo ESCRT hufanya kinyume: nyuzi zake hukaa ndani ya shingo, na protini Vps4 huzifumua kwa ATP. VVU huziteka protini hizo hizo ili vitoke kwenye seli. Mfano huo utawaamsha hata wa nyuma.

Tahadhari: katika mgawanyiko wa seli za wanyama, pete ya protini za aktini na miosini hubana tu, ukataji wa mwisho ni wa ESCRT. Wengi huchanganya.

Kuhusu mtihani, majina haya yasichukue nafasi ya maelezo ya endositosisi (seli kuingiza vitu kwa vifuko) yaliyomo kwenye muhtasari. Ukiwa na shaka, muulize mwalimu aliyewahi kusahihisha mitihani ya taifa.