Mungu "akamkumbuka", kwani alikuwa amesahau?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 36, naishi Tabata, ndoa yangu ina miaka tisa na hatujajaliwa mtoto. Mwezi uliopita nilienda mkesha, mtumishi akasoma Mwanzo 30:22 pale Mungu alipomkumbuka Raheli, mke wa Yakobo aliyekuwa hana mtoto, afu akasema kuna wanawake humu ndani Mungu amewasahau, faili lako liko chini kabisa, toa sadaka ya ukumbusho lipande juu. Nilitoa hela niliyokuwa nimeiweka ya kikoba. Hela sio shida mwalimu, kinachonitesa ni lile neno, kwamba nimesahauliwa. Kila nikiamka usiku nalifikiria. Naomba uniambie, kwa Kiebrania hilo "akamkumbuka" lina maana gani? Maana kama alikumbuka si ina maana alikuwa amesahau?

JIBU: Marahaba mwanangu. Swali lako nimelisoma mara mbili nikaweka pembeni maswali mengine yote ya mwezi huu, kwa hiyo nitajibu kwa urefu univumilie.

Neno lenyewe ni zakar, siku hizi ukienda Israeli utasikia wanatamka zakhar, hiyo kh kama ya kheri. Ni kitenzi chenye herufi tatu tu, zayin, kaf na resh, na kwenye Agano la Kale kinatokea zaidi ya mara 200. Kamusi zitakwambia "kukumbuka" na hazijakosea. Shida inaanza pale tunapofikiri kukumbuka ni mambo ya kichwani tu, kama vile mtu umemsahau jina ghafla linakujia ukiwa kwenye daladala. Zakar haiishii kichwani. Ni kumgeukia mtu ukamfanyia jambo.

Na sisi Waswahili kiukweli hatuna haja ya kwenda mbali kulielewa hili, tunalo tayari midomoni. Mtu wa mtaani kwenu akipata cheo Dodoma watu wanamwambiaje? "Mkuu, utukumbuke kwenye ufalme wako." Hakuna anayeogopa kwamba jamaa atapoteza kumbukumbu, wanachosema ni kwamba ukifika huko ufanye kitu kwa ajili yetu. Mi nina jirani yangu hapa Kimara, bibi wa miaka sabini na kitu, macho hayaoni vizuri, simu yake ikilia mlio wa meseji ananipitishia juu ya ukuta anasema hebu soma hapo mwalimu. Ikiwa ni muamala wa mtoto wake aliyeko Mwanza anapiga vigelegele: "Nimekumbukwa!" Sasa mwanangu niambie, huyo bibi anamaanisha kwamba mtoto wake jana alikuwa hamjui mama yake ni nani? Hata kidogo. Hiyo ndo zakar.

Rudi sasa kwa Nuhu, Mwanzo 8:1. Sura ya 7 inaishia na maji yametawala juu ya nchi siku 150, halafu Kiebrania kinasema vayyizkor Elohim et Noach, Mungu akamkumbuka Nuhu, na sentensi haijapumua inaendelea, akavumisha upepo juu ya nchi, maji yakapungua. Angalia hiyo "aka... aka..." yetu. Kiebrania kina namna yake ya kusimulia ambapo vitenzi vinashikana mikono kwa herufi vav, kimoja kinamvuta mwenzake, na ile -ka- ya Kiswahili inaibeba vizuri ajabu. Akamkumbuka, akavumisha. Kukumbuka ndo mwanzo wa upepo kuvuma. Hakuna mstari unaosema katika zile siku 150 Mungu alikuwa hajui safina iko wapi, si yeye mwenyewe aliyemfungia Nuhu mlango?

Kwa Raheli ni vilevile, vitenzi vitatu mfululizo: akamkumbuka, akamsikiliza, akafungua tumbo lake. Vayyizkor, vayyishma, vayyiftach. Kwenye Mwanzo 19:29 Mungu anamkumbuka Ibrahimu na anayetolewa motoni ni Lutu, yaani anakumbukwa huyu anaokolewa yule, hapo ukisema ni habari ya kichwa tu huwezi kuelewa kitu. Na Kutoka 2:24, Waisraeli wanaugua utumwani, Mungu anakumbuka agano lake, sura inayofuata tayari kichaka kinawaka moto na Musa anatumwa.

Sasa nije kwa Yusufu maana yeye ndo ananisaidia kukuonyesha jambo lingine. Yuko gerezani Misri, amemtafsiria mnyweshaji wa Farao ndoto, anamwomba: unikumbuke utakapopata mema, ukanitaje kwa Farao. Hayo maneno mawili, unikumbuke na ukanitaje, kwa Kiebrania ni kitenzi kimoja, zakar. La pili liko kwenye umbo ambalo sisi tungelitengeneza kwa kuweka -sha, kama kumbuka na kumbusha. Yusufu alikuwa anaomba kile ambacho kijana yeyote anayetafuta kazi mjini hapa anamwomba rafiki yake aliyeko ofisini, nitaje taje huko. Na sura ya 40 ya Mwanzo inafungwa kwa maneno ya kuumiza sana, kwamba yule mtu hakumkumbuka Yusufu bali alimsahau, afu sura ya 41 inaanza na miaka miwili imepita. Hapo kuna kusahau kweli, neno la Kiebrania ni shakach, na aliyesahau ni mwanadamu.

Hata hivyo sitaki nikudanganye kwamba Biblia inakukataza kusema umesahauliwa. Zaburi ya 13 inaanza hivyohivyo, Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele? Hana, mwanamke aliyekuwa hajapata mtoto, pale nyumba ya Mungu Shilo aliomba "ukanikumbuka, wala usinisahau mimi mjakazi wako", vitenzi vyote viwili katika pumzi moja, midomo inacheza sauti haitoki mpaka kuhani Eli akadhani amelewa. Kwa hiyo ukiamka usiku ukamwambia Mungu najiona nimesahauliwa, mwanangu hujakosa, uko kwenye kundi la waombaji wa zamani kabisa. Ila ni tofauti kubwa mtu mwenye uchungu kumlilia Mungu hivyo, na mtu mwenye kipaza sauti kumtangazia mwenye uchungu kwamba ndivyo ilivyo. La kwanza ni sala. La pili mi silioni popote kwenye maandiko, na limeniumiza kulisoma. Maana kwenye Isaya 49 pale Sayuni anaposema Bwana amenisahau, jibu linalokuja halisemi ndiyo, toa kitu. Linauliza kama mwanamke anaweza kumsahau mtoto wake anyonyaye, na linaendelea kwamba hata hao wakisahau, mimi sitakusahau wewe.

Kuhusu hiyo sadaka ya ukumbusho niseme kwa haki, mtumishi hakulitunga hilo jina. Mambo ya Walawi sura ya 2 kuna sehemu ya sadaka ya unga inaitwa azkara, imetoka kwenye mzizi huohuo wa zakar, kuhani alichota konzi ya unga laini wenye mafuta na ubani wake wote akaiteketeza madhabahuni iwe ukumbusho. Konzi ya unga! Na iliyobaki ilikuwa chakula cha makuhani, hiyo nayo imeandikwa wazi. Lakini ukitafuta pale ambapo sadaka nzima inaitwa sadaka ya unga ya ukumbusho utaipata Hesabu 5:15, kwenye kesi ya mume anayemshuku mkewe, unga wa shayiri usio na mafuta wala ubani, na maandiko yanasema ni ya ukumbusho "ikumbushayo uovu". Sijui kama kuna mwanamke angetaka kuitoa hiyo kwenye mkesha. Mjane wa Sarepta mwanawe alipokufa alimlalamikia Eliya kwa kitenzi hichohicho, umekuja dhambi yangu ikumbukwe? Na Hana je, alilipa ndo akakumbukwa? Fungua 1 Samweli 1, kukumbukwa kuko mstari wa 19, ng'ombe na unga na divai zinapelekwa Shilo kuanzia mstari wa 24, mtoto ameshaachishwa ziwa. Aliweka nadhiri mapema, ndiyo, lakini nadhiri yake ilikuwa ni kumrudisha mtoto mwenyewe kwa Mungu, hakukuwa na mtu kati anayepokea hela ili faili lipande.

Kuna mstari mmoja nataka uubebe. Yeremia 31:20, Mungu anamzungumzia Efraimu, watu walioshaenda uhamishoni, walioonekana wamekwisha kabisa. Biblia yetu inasema "ningali nikimkumbuka sana", Kiebrania ni zakhor ezkerenu, kitenzi kimerudiwa mara mbili kwa mkazo, na sisi tunayo namna hiyohiyo, kulia amelia, kusubiri tumesubiri. Ningeitafsiri kwa Kiswahili cha nyumbani: kumkumbuka namkumbuka. Na kinachofuata kwa Kiebrania hakitaji moyo, kinasema matumbo yangu yananguruma kwa ajili yake. Mama yeyote anajua hiyo ni sehemu gani ya mwili.

Siwezi kukuahidi mtoto mwanangu, kitenzi hakina mamlaka hayo na mimi sina. Nenda hospitali wewe na mzee wako, wote wawili msiende wewe peke yako, na uendelee kuomba. Lakini usingizi urudi.

SWALI: Mwalimu, mimi ni wa Ubungo. Amri ya Sabato kwenye Kutoka 20 inasema "Ikumbuke", kwenye Kumbukumbu la Torati 5 inasema "Ishike". Ipi ndo Mungu aliyoisema?

JIBU: Ndugu yangu, ya kwanza ni zakhor, ya pili ni shamor, linda au shika. Wayahudi hawakuchagua, wanazibeba zote mbili, hata ile desturi ya kuwasha mishumaa miwili Ijumaa jioni wengi wanaieleza kwamba mmoja ni wa zakhor na mwingine wa shamor. Ukishajua kwamba zakar ni kutenda utaona hazigombani, kuikumbuka Sabato ni kuifanya.

Ila soma mistari inayofuata kwenye Kumbukumbu la Torati maana hapo zakar inarudi: upumzike ili mtumwa wako na mjakazi wako wapumzike vilevile kama wewe, nawe utakumbuka kwamba ulikuwa mtumwa Misri. Kwa hiyo kama siku ya ibada sisi tuko kanisani tumependeza na dada wa kazi kaachwa nyumbani na ndoo tatu za nguo na pilau la wageni, hatujaikumbuka, hata kama tarehe tumeipatia.

SWALI: Assalaam aleykum mwalimu. Mimi Muislamu wa Kigamboni, huwa nafuatilia safu yako. Hilo neno zakar mbona linafanana na dhikiri?

JIBU: Waaleykum salaam kaka, umenifurahisha sana. Ni ndugu kabisa. Kiebrania na Kiarabu ni lugha za ukoo mmoja, na pale Kiarabu kinaposema dh mara nyingi Kiebrania kinasema z, kwa hiyo dhakara na zakar ni mzizi mmoja, na kutoka upande wa Kiarabu sisi tukapata dhikiri. Na pale kwenye Suratul Baqara aya ya 152, nikumbukeni nami nitawakumbuka, kitenzi ni hichohicho mara mbili. Angalia pia kwamba kufanya dhikiri mara nyingi ni kumtaja Mungu kwa mdomo, sio kuwaza kimyakimya tu, sawasawa na lile ombi la Yusufu la kutajwa.

(Herufi hizohizo tatu zinaandika pia neno la Kiebrania la "mwanamume", Mwanzo 1:27, na Kiarabu nacho kiko hivyo. Nimeshasikia mahubiri yamejengwa hapo kwamba mwanamume ndo anayekumbuka mambo ya Mungu. Tuache. Herufi kufanana hakutoshi kutoa fundisho.)

Na kwa sababu umeniuliza wewe, ngoja nimrudie yule mama wa Tabata kidogo. Jina Zakaria limetoka hapohapo, kwa Kiebrania ni Zekaryah, maana yake Bwana amekumbuka. Surat Maryam mwanzoni kabisa, aya ya 2, inafungua kwa neno dhikr na inaishia kwa jina Zakaria, na Injili ya Luka nayo inaanza na mzee huyohuyo. Mtu mzima, mke wake tasa, nyumba haina mtoto. Miaka yote hiyo kila aliyemwita njiani, kila aliyempigia hodi, alikuwa anatamka Bwana amekumbuka, na yeye anaitika.