Usilipie TV ya kurekodi kabla hujajaribu kwa king'amuzi chako

Mkuu, usiinunue hiyo TV. Umesema mechi unazipata kwa king'amuzi cha dishi kilichochomekwa HDMI, halafu unataka kuongeza hela upate TV inayorekodi kwenye USB. TV hurekodi chaneli inazozinasa yenyewe kwa antena iliyochomekwa nyuma yake. Kinachoingia kwa HDMI hairekodi, hata ungeiwekea diski ya bei gani! Wauzaji wanaonyesha maandishi ya kwenye boksi na kunyamazia hilo. Inaudhi, maana flashi ukikosea ni hasara ndogo, lakini TV ikishatundikwa ukutani nani atakurudishia hela?

Na hata kwa antena, TV nyingi huifomati diski kwa mfumo wake na kuzifunga rekodi. Ukiipeleka kwenye kompyuta haisomeki, na fundi akibadili bodi kuu ya TV, zote zimekwenda.

Kapcha kadi ya HDMI uliyoitaja, yaani kifaa cha kunasa picha inayopita kwenye HDMI, ni ya bei ndogo, ila ving'amuzi vya kulipia huwa na HDCP, kinga ya kuzuia kunakili: utaambulia skrini nyeusi. Kwa hiyo kwenye dishi rekodi inafanyika ndani ya king'amuzi chenyewe chenye PVR, yaani uwezo wa kurekodi vipindi. Uliza kwanza kama huduma hiyo ina ada yake ya mwezi, na kama rekodi zinafunguka kifurushi kikiisha.

Kwa chaneli za bure, king'amuzi cha antena (DVB-T2) chenye USB ndicho chenye thamani. Kinahifadhi matangazo kama yanavyokuja hewani: chaneli ya megabiti 4 kwa sekunde hula GB 1.8 kwa saa, hivyo diski ya TB 1 inabeba zaidi ya saa 500. Fomati diski kwa mfumo wa faili wa NTFS kama kinaukubali, maana ule wa FAT32 haupokei faili la zaidi ya GB 4, na rekodi ndefu itakatwa vipande au kusimama katikati. Diski ikilia tiki-tiki, huenda umeme hautoshi: tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500, na diski inapoanza kuzunguka hutaka zaidi. Weka kigawanyo cha USB (hub) chenye adapta yake ya umeme.

Ukienda dukani beba king'amuzi chako na flashi tupu. Rekodi dakika 5 kutoka chanzo kilekile cha nyumbani, kisha icheze mbele ya muuzaji. Akikataa kujaribu, toka.