PREMA ilianzia Roma, si Mombasa
Wapo wanaodhani PREMA (Prevention in Museums in Africa) ilianzia Mombasa. Hapana, Mombasa haikuwa chimbuko lake. Mafunzo hayo ya wafanyakazi wa makumbusho ya Afrika yalianzishwa mwaka 1986 na ICCROM, shirika la kimataifa la uhifadhi wa urithi lenye makao Roma, yakaendelea hadi 2000. Ili kazi ibaki mikononi mwa Waafrika wenyewe, zikazaliwa taasisi mbili: EPA (Shule ya Urithi wa Afrika) kule Porto-Novo, Benin (1998), kwa nchi zinazotumia Kifaransa, na PMDA (Programu ya Maendeleo ya Makumbusho Afrika) hapo Mombasa (2000) kwa zile za Kiingereza. Hiyo PMDA ndiyo iliyokuja kuitwa CHDA (Kituo cha Maendeleo ya Urithi Afrika), nadhani mkanganyiko unatoka hapo. Aliyenifundisha kutunza mikusanyo ya makumbusho alipitia kozi za PREMA. Ila si zote zilifanyika Roma, nyingine zilifanyika humu humu barani.