Kwa mnaoanza kazi kitengo cha mazingira mgodini

Kabla hamjashika kipimo chochote, nendeni mkaone magwangala, yaani mawe taka ya mgodi, yanamwagwa wapi. Mwamba wenye pairaiti, madini ya chuma na salfa, ukipasuliwa, ukakutana na hewa na maji, hutoa asidi ya salfuriki na chuma. Bakteria wakiingia, kasi huongezeka mara nyingi sana. Magharibi mwa Johannesburg maji ya migodi ya zamani yalianza kufurika mwaka 2002, na miaka mingi baadaye bado yanatiwa chokaa. Ndiyo maana nasema kazi yetu kubwa ni kuzuia.

Kaeni karibu na mjiolojia, mjue salfa ya kila mwamba kabla haujalipuliwa. Kila asilimia moja ya salfa hiyo hutaka takriban kilo 31 za mawe ya chokaa kwa tani ili asidi yake izimwe. Mwamba usio na chokaa ya kutosha ufunikwe kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, au uzamishwe majini, oksijeni isiufikie. Lakini dereva wa zamu ya usiku asipoelekezwa, atamwaga palipo karibu, na hesabu zote zitakuwa kazi bure. Ongeeni naye.

Kwenye kupima, msiridhike na pH, kipimo cha ukali wa asidi, ambapo 7 ni kati na chini yake ni asidi. Mwamba ukiwa bado na chokaa yake, pH hubaki karibu 7 huku salfeti, chumvi inayotokana na salfa ya mwamba, ikipanda taratibu majini. Hiyo salfeti ndiyo inayowatonya mapema. Tena pimeni pale pale. Maji yanayochuruzika chini ya kifusi huweza kutoka maangavu kabisa. Yaacheni kwenye chupa hadi kesho yake, mtakuta yamegeuka rangi ya chungwa, kutu imetuama chini na pH imeshuka. Sampuli ya metali ichujwe na kutiwa asidi ya naitriki hapo hapo, la sivyo metali zitatuama na maabara itapima mabaki tu.

Ikibidi kutibu maji kwa kuyatia chokaa ili pH ipande, chuma hutuama upesi, ila manganizi husubiri pH ivuke 9, na hapo alumini huanza kuyeyuka tena. Tope linalobaki baada ya kutibu nalo linahitaji bwawa.

Mvua za kwanza za vuli zisiwapite. Kiangazi kizima chumvi hujikusanya juu ya mawe, na mvua hiyo huzikumba zote kwa mkupuo mmoja. Ratiba ikisema sampuli ni tarehe 15, na mvua imenyesha tarehe 3, nendeni tarehe 3, kwa sababu mto unakoelekea kuna watu wanachota maji siku hiyo hiyo.