Gari la Zamani Chumvini: Majibu kwa Mnaojitengenezea

Barua za safari hii zinahusu jambo moja: gari la zamani linalotengenezwa nyumbani ili likakimbizwe kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah, Marekani. Nimezifupisha, ila hoja ni zenu.

Fundi, nina bodi ya Ford Model A ya 1929 na fremu ya 1932. Nianze na injini au nianze na bodi?

Anza na kitabu cha kanuni, kisha anza na dereva. Mbio za Speed Week, wiki ya kushindania mwendo huko Bonneville, zinaendeshwa na SCTA, chama cha mbio cha Kusini mwa California kilichoundwa mwaka 1937, na Bonneville wapo tangu 1949. Kila gari huingia daraja lake kulingana na umbo, ukubwa wa injini na aina ya mafuta. Bodi yako inaingia vizuri kwenye madaraja ya rodsta, yaani magari ya wazi yasiyo na paa, na ukiweka injini ya Ford ya V8 yenye valvu ubavuni, ile wanayoiita flathedi ya 1932 hadi 1953, kuna daraja la injini hiyo peke yake. Lakini ukikata bati mahali pasiporuhusiwa, au ukaongeza kipande cha kulainisha upepo, unaweza kujikuta unashindana na magari ambayo hutayaweza kamwe. Chagua daraja kwanza, liandike ukutani, ndipo ushike msumeno.

Halafu vaa suti na kofia ya mbio, keti ndani ya fremu tupu, mwenzako apime. Kizimba cha mabomba lazima kipite juu ya kofia yako na kukuzunguka mabega. Mkono wako usiweze kutoka nje ya kizimba hata gari likibingirika, ndiyo maana kuna mikanda ya mikono. Injini, usukani na pedali vitafuata mahali ulipokaa. Wengi hufanya kinyume: wanafunga injini mahali pazuri kwa macho, kisha wanambana dereva kwenye nafasi iliyobaki, na mwishowe mkaguzi anawarudisha nyumbani.

Flathedi yangu imepimwa ikatoa nguvu za farasi 150. Nitafika maili 150 kwa saa?

Kwa rodsta yenye magurudumu wazi, sidhani. Tuhesabu pamoja.

Nguvu inayohitajika kupasua upepo hupanda kwa mchemraba wa mwendo, yaani mwendo ukizidishwa kwa wenyewe mara tatu. Kutoka maili 120 hadi 150 kwa saa ni ongezeko la robo tu, lakini nguvu unayohitaji inakaribia mara mbili. Tuseme gari lako linakula farasi 100 kufika 120. Ili lifike 150 litataka kama 195. Zaidi ya hapo, Bonneville iko kama mita 1,280 juu ya usawa wa bahari, na mbio ni mwezi Agosti, jua kali, hewa nyepesi. Injini isiyo na chaja ya kusukuma hewa hupoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu zake hapo. Zile 150 zako zinakuwa kama 132, na hizo zitakufikisha maili 130 na kidogo.

Usikate tamaa. Ford V8 ya kwanza, ya 1932, ilitoka kiwandani na farasi 65. Maili 130 kwa injini ya familia hiyo, chumvini, ni kazi ya kuheshimika, na kuna mwendo wa bure uliojificha: teremsha kiti, tumia tairi nyembamba na ndefu, funika kila tundu ambalo kanuni za daraja lako zinaruhusu lifunikwe.

Ila gia nazo ziendane na hesabu hiyo. Tairi la inchi 28 lina mzunguko wa inchi 88 hivi. Injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika na uwiano wa difu ukiwa 3.00, yaani shafti ikizunguka mara tatu gurudumu linazunguka mara moja, gari linapaswa kwenda maili 139 kwa saa. Toa asilimia 5 kwa sababu tairi huteleza chumvini, unabaki na 132, yaani pale pale nguvu zako zinapoishia. Ukibaki na difu ya asili ya Model A, 3.78, kwa mizunguko hiyo hiyo utakwama kwenye 110 hata kabla ya kutoa mtelezo, injini ikilia bure. Na kwa sababu gia ndefu hivyo ni nzito kuanza nayo, usishangae kuona magari mengi yakisukumwa na pikapu mwanzoni. Jenga bampa ya kusukumia mapema, na iwe imara.

Nimeona watu wakifunga vipande vya risasi, ile metali nzito, kwenye gari la mbio. Si uzito ndio unaopunguza mwendo?

Swali hili ndilo nililofurahia zaidi, kwa sababu ndani yake mna usalama wako.

Kwenye mbio fupi za lami uzito ni adui. Chumvini una maili kadhaa za kuchochea, kwa hiyo kuchelewa kidogo mwanzoni hakukugharimu sana. Kinachokosekana ni mshiko. Chumvi, hata ikiwa kavu na ngumu, haishiki tairi kama lami, na gari jepesi lenye nguvu litazungusha tu magurudumu ya nyuma. Ndiyo maana watu huongeza kilo.

Lakini kilo hizo zinawekwa wapi? Mshale huruka sawa kwa sababu uzito uko mbele na manyoya yako nyuma. Gari nalo linataka hivyo: kitovu cha uzito kiwe mbele ya mahali ambapo upepo wa ubavuni unasukuma. Ukigeuza, yaani uzito wote ukawa mkiani, siku gari litakapopinda kidogo upepo utalimalizia kuligeuza, na kwa maili 150 hutaliwahi kwa usukani.

Kuna njia ya kukadiria bila kompyuta. Piga picha ya gari kutoka ubavuni, ukiwa mbali ili lisipotoke. Ichapishe, ibandike kwenye kadibodi ngumu, kata umbo la gari lote pamoja na magurudumu. Liweke juu ya ukingo wa rula mpaka lisimame bila kuinama. Weka alama hapo. Kisha pima gari halisi kwa mizani chini ya kila gurudumu, wewe ukiwa umekaa ndani na mafuta yakiwamo, utafute kitovu cha uzito, nacho ukiweke alama kwenye kadibodi ile ile. Alama ya uzito inapaswa kuwa mbele, tena kwa nafasi ya kutosha, kwa sababu upepo halisi husukuma mbele zaidi ya pale kadibodi inapokuonyesha. Kama hazijapishana vya kutosha, sogeza betri, sogeza tangi, kisha ndipo ufunge risasi mbele.

Na risasi hiyo ifungwe kwa bolti kwenye fremu. Mfuko wa risasi uliofungwa kwa kamba nyuma ya kiti ni kombora linalokusubiri.

Mbona rodsta nyingi hazina rejeta?

Kwa sababu mbio zenyewe huisha kwa dakika chache. Rejeta inataka hewa ipite ndani ya gari, na hewa hiyo inakula mwendo. Badala yake hufungwa tangi la maji. Injini ya kadiri ya ile ya hapo juu ikimwaga kilowati 100 za joto kwenye maji kwa sekunde 100, lita 60 zitatoka nyuzi 50 hadi 90, bado hazijachemka. Na maji ni uzito, ambao tumekwisha sema unautaka.

Flathedi inahitaji uangalizi wa ziada hapa. Moshi wake hupita katikati ya bloki kabla ya kutoka, kwa hiyo hupasha maji kuliko injini nyingine, na bloki kuukuu hupasuka kati ya kiti cha valvu na silinda. Ipime nyufa kwa sumaku kabla hujanunua hata pistoni moja. Tangi likiwa karibu na dereva, liwe upande wa pili wa ukuta wa chuma.

Je, naweza kutengeneza bodi kwa tangi la mafuta la ndege kama yale ya kwenye picha za zamani?

Unaweza, ukilipata. Bill Burke aliyaona matangi hayo Pasifiki wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1946 akatengeneza gari kwa tangi la ndege ya kivita ya P-51. Lilikuwa jembamba mno, akahamia tangi kubwa zaidi la ndege nyingine ya kivita, P-38, na kuiweka injini nyuma ya dereva. Gari la namna hii huitwa leksta: bodi ni laini lakini magurudumu yote yako nje. Ni zuri sana kupasua upepo. Kwa gari la kwanza, hata hivyo, ningekushauri rodsta. Ndani ya tangi kila kitu kimebanana, na kutoka humo moto ukiwaka ni suala la sekunde.

Parachuti ni lazima?

Kwa madaraja ya mwendo mkubwa, ndiyo. Kitabu cha kanuni kitakuambia kama lako limo. Mimi ningeifunga hata pasipo kulazimishwa. Breki chumvini huweza kufunga magurudumu na kukuzungusha, ilhali parachuti hukuvuta kwa nyuma na kuliweka gari sawa. Jizoeze kuivuta gari likiwa limesimama, macho yamefungwa, mpaka mkono uijue.

Naruhusiwa kukanyaga mpaka mwisho siku ya kwanza?

Hapana. Leseni hupandishwa kwa ngazi. Mgeni huanza na mbio zisizozidi maili 125 kwa saa, kisha ngazi inayofuata, hivyo hivyo mpaka 200 na zaidi. Ni utaratibu mzuri. Gari jipya lina mengi ya kukuambia likiwa 120.

Rekodi inahesabiwaje? Ukikimbia haraka mara moja haitoshi?

Haitoshi. Chini ya SCTA, kwanza unaipita rekodi iliyopo. Hapo gari linapelekwa eneo la ulinzi, ambako una saa nne tu za kulishughulikia. Asubuhi inayofuata unakimbia tena uelekeo ule ule, na wastani wa mbio mbili ndio unaoshindanishwa na rekodi. Rekodi za dunia za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, ni tofauti: pande mbili zinazokinzana, ndani ya saa moja.

Nina miaka 61. Nimechelewa?

Burt Munro wa New Zealand alikuwa na miaka 68 alipoweka rekodi ya zaidi ya maili 183 kwa saa hapo hapo Bonneville, Agosti 1967, juu ya pikipiki ya Indian ya 1920. Pistoni zake alikuwa akiziyeyusha na kuzimimina mwenyewe nyumbani. Mwone daktari, kisha endelea na fremu.

Mvua ikinyesha je?

Mbio hufutwa. Speed Week ilifutwa mwaka 2014 na 2015 mfululizo, na tena 2022, kwa sababu chumvi ilikuwa na maji au haikuwa salama. Chumvi yenyewe imekuwa ikipungua unene kwa miongo mingi, jambo linaloniuma, kwa kuwa hakuna warsha inayoweza kututengenezea nyingine. Panga safari yako ukijua hilo, usikope fedha kwa ajili ya tarehe moja.

Nikirudi nyumbani, nioshe gari vipi?

Anza kabla hujaondoka. Chumvi ikiwa mbichi hubandukika kwa kijiti cha mbao. Ikikauka huwa ngumu kama saruji. Ibandue kwenye mikono ya usukani, juu ya difu, ndani ya rimu. Kisha maji matamu mengi, yasiyo na presha kubwa, maana presha huisukuma chumvi ndani ya beringi na kwenye plagi za umeme. Lala chini ya gari uoshe kutoka chini kwenda juu.

Baada ya hapo fungua. Vua magurudumu, vua ngoma za breki, toa mkeka wa sakafu, toboa vitundu vya kutolea maji kwenye sehemu ya chini ya kila bomba la fremu ambalo hukuliziba kabisa kwa kuchomelea. Utaona maji meupe yakichuruzika kutoka mahali ulipodhani pamefungwa. Osha tena mpaka yatoke safi, kausha kwa hewa, paka oili. Wiki inayofuata rudia, kwa sababu nyaya za umeme na mishono ya bodi huwa bado imeficha nyingine.